Kidude cha Kushika Mwendo

Gari tuliloazimwa na shemeji yetu lina kidude cha kushika mwendo, mafundi hukiita kruzi. Dereva hukibonya, akaondoa mguu, gari likaenda kwa kasi ile ile. Alikibuni Ralph Teetor wa Marekani, mtu asiyeona tangu utotoni. Nasi wenye macho, tulipotoka Lusahunga kwenda Rusumo, kilitukatalia kabisa. Tukasema, na kikatae; mguu tunao.

Njiani, katika wilaya ya Ngara, tulimwonyesha fundi kijana tuliyemfundisha zamani alifu na be. Hakugusa injini. Alitazama fyuzi, akaiona nzima, akasimama nyuma ya gari, akasema, “Maalim, tafadhali kanyaga breki.” Taa za breki hazikuwaka.

Akatueleza kwamba swichi ndogo iliyo juu ya pedali huwasha taa hizo, na ndiyo pia inayokiarifu kidude kiachie mwendo. Ikifa, kidude katika magari mengi hukataa kushika.

Tuliingiwa na haya. Miteremko yote ile malori yalikuwa mgongoni mwetu bila ishara, na watoto wawili wa chuo wamelala kiti cha nyuma!

Swichi mpya ilitiwa, taa zikawaka, kruzi nayo ikakubali. Tulipomrudishia shemeji gari lake, tulimwonyesha taa. Habari ya kruzi aliiuliza yeye mwenyewe.