Wimbo wa Jike

Sauti ni tunu ya aimbaye, lakini habari za sauti huandikwa na asikiaye. Sikio likiwa pungufu, mwimbaji huandikwa bubu. Msiba huu uliwapata ndege majike katika vitabu vya elimu kwa muda mrefu.

Mwaka 1871 Charles Darwin alieleza kwamba dume huimba, jike husikiliza, kisha jike humchagua dume ampendezaye zaidi. Maelezo hayo yalikuwa na nguvu, na mengi ndani yake yamethibitika. Lakini elimu iliyofuata ilitegemea mno ndege wa Ulaya na Marekani, ambako wengi huhama kuikimbia baridi, na warudipo dume hana budi kupata makao na mwenzi kwa haraka. Miongoni mwa ndege wa namna hiyo jike aghalabu haimbi. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake: desturi ya pande moja ya dunia ikafanywa sheria ya dunia nzima, na jike aliyesikika akiimba akahesabiwa kuwa kioja.

Uwanda wa kati wa Tanzania una ushahidi mwingine. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni haba, nayo hunyesha hasa baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ukavu. Katika vichaka vya migunga huishi tiva mwenye rangi ya makaa, ambaye wataalamu humwita Laniarius funebris. Ndege huyu hahami. Dume na jike hukaa pamoja na kulinda mipaka ya makao yao masika na kiangazi. Ni shida kumwona, maana hupenda kujificha. Si shida kumsikia. Sauti moja hutoka, na ya pili huidaka upesi hata mpita njia hudhani ameimba ndege mmoja. Kumbe ni wawili: mmoja ameanza, mwenzake ameitikia.

Afrika Mashariki ilisaidia kuyazindua masikio ya wataalamu. Mwaka 1965 W. H. Thorpe wa Cambridge na Myles North, aliyekuwa mkazi wa Kenya, waliandika juu ya kujibizana kwa tiva wa aina nyingine, jamaa wa huyu. Mwaka 1983 Elisabeth Sonnenschein na Heinz-Ulrich Reyer walieleza kwamba wimbo wa pamoja wa tiva wa rangi ya makaa una kazi zaidi ya moja: kulinda makao dhidi ya majirani, na kumlinda mwenzi asichukuliwe. Basi jike haimbi kwa pambo tu. Ana mali ya kutetea na mwenzi wa kumhifadhi, na wimbo ni silaha yake kama ulivyo silaha ya dume.

Jambo jingine lilidhihirika mwaka 1998. Watafiti walipima sehemu za ubongo zinazotawala wimbo wa tiva huyo, wakaona za dume ni kubwa kuliko za jike. Hata hivyo hesabu ya nyimbo za jike ilikaribiana na ya dume. Aliyepima ubongo bila kusikiliza angetoa hukumu ya haraka, na hukumu yake ingekuwa batili.

Kwenzi wa Afrika nao wana fundisho lao. Utafiti wa mwaka 2009 wa Dustin Rubenstein na Irby Lovette ulionyesha kuwa katika aina za kwenzi ambazo ndege wengi hushirikiana kulea makinda, jike hukaribia dume kwa uzuri wa manyoya na ukubwa wa mwili. Sababu ni kuwa katika jamii hizo majike nao hushindana ili wapate nafasi ya kuzaa. Uchaguzi wa mwenzi, basi, si soko ambalo mmoja ni mnunuzi daima na mwingine bidhaa.

Hatimaye mwaka 2014 Karan Odom na wenzake walikusanya habari za ndege waimbao kutoka pande zote za dunia. Katika aina walizochunguza, 71 kwa kila 100 zilikuwa na majike waimbao. Na walipoufuata ukoo hadi kwenye mzizi, walihitimu kwamba yamkini jike na dume waliimba wote tangu mwanzo. Swali la zamani likageuka. Haifai tena kuuliza tu dume alipataje wimbo. Yapasa kuuliza kwa nini jike wa baadhi ya koo aliupoteza.

Katika nchi ya Wagogo, ambako ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, habari kwamba jike huimba haina sababu ya kuwa kioja. Lakini ndege si kielelezo cha ndoa za watu, wala watu si kipimo cha ndege. Fundisho liko kwenye usikivu. Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na majengo yamesonga mbele penye vichaka. Mji una haki ya kukua. Lakini kichaka kikifyekwa kabla ya kusikilizwa, shahidi huondoka na ushahidi wake, na vitabu hubaki na neno la yule aliyesikia nusu ya wimbo.