Bunduki ya anga iliyopanda basi la Shelui

Kondakta aliuona mtutu kabla mimi sijaukumbuka. Tulikuwa tumeshakaa ndani ya basi la asubuhi, stendi ya Singida mjini, na kijana wangu ameupakata mkoba wake, zipu imefungwa nusu.

"Mama, hiyo ni nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini, ile ya mtu asiyetaka abiria wengine wasikie. Walisikia. Mzee wa kiti cha mbele aligeuka. Dada mmoja aliyekuwa na tenga la kuku akamvuta mtoto wake karibu.

Nikaitoa na kumwonyesha. Pampu ya baiskeli ndiyo mtutu, dainamo ya baiskeli iko ubavuni, antena ya redio juu, mkono wa breki ndiyo triga, na mpini wa mbao aliuchonga mwenyewe. Kondakta akaipima mkononi, akaigeuza, akacheka. Lakini hakucheka mara moja. Hizo sekunde chache kabla hajacheka ndizo zilizonikaa kichwani safari nzima.

Kijana ana miaka 12. Likizo ilipoanza aliangalia kwenye kibanda umiza ile filamu ya vita vya angani, ya kutafsiriwa, ambayo msimuliaji anaongea kuliko waigizaji. Akarudi nyumbani anataka silaha ya mwanga. Si ya kununua, maana zile za plastiki za Mchina anaziona za watoto. Anataka ya kutengeneza.

Nikatafuta kwenye simu nikidhani nitapata sababu ya kumkatalia. Nikakuta kwamba Star Wars ya mwaka 1977, iliyoanzisha wazimu wote huu, ilitengenezwa vivyo hivyo. Bajeti ilikuwa ya kubana. Bunduki za wale askari weupe zilikuwa Sterling za Kiingereza, bunduki za kweli, zikabandikwa vikorokoro. Bastola ya rubani mmoja ilitokana na Mauser, muundo wa Kijerumani wa mwaka 1896. Na ule upanga wa mwanga? Mpambaji wa seti, Roger Christian, alikuta kwenye duka la kamera mjini London mipini ya flashi za zamani za Graflex. Akabandika vipande vya mpira na kipande cha kikokotoo, basi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wa idara ile walipata tuzo ya Oscar.

Baada ya hapo ningemkatalia kwa lipi?

Tukaenda kwa fundi redio mmoja pale mjini. Anayeijua Singida anaujua upepo wake, ule unaotoka upande wa Ziwa Kindai na kufagia vumbi hadi ndani ya chai. Fundi amezoea, skrubu zake zinakaa kwenye makopo yenye vifuniko. Chini ya meza ana boksi la maiti, ndivyo anavyoliita: redio za National na Philips zisizofufuka, kaseti, swichi, visu vya mashine za kushonea. Kijana akaingia mikono yote miwili. Akaibuka na flashi ya kamera, mali ya studio ya picha iliyofungwa siku nyingi, akairuka kwa furaha. Kama kule London!

Fundi akampokonya. Nilimwona mkali, mpaka alipoeleza. Flashi ya namna ile ina kapasita inayoweza kufikia volti 300 na kuzidi, na hata betri ikitolewa umeme hubaki ndani. Akaifungua, akachukua balbu kuukuu yenye waya mbili, akagusisha. Balbu ikamulika mara moja kama jicho linalopepesa, ikazima. Mtoto hakusema kitu. Mimi nilikuwa nafikiria vidole vyake. Hiyo flashi hatukuondoka nayo, na alitukataza pia kioo cha televisheni ya kichogo, ambacho kikipasuka hurusha vigae na chenyewe kina risasi, yaani madini ya risasi. Tuliondoka na antena, swichi mbili na dainamo, kwa bei ya soda.

Siku nne uani kwetu kukawa karakana. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtoto huyu alikaa siku nne bila kuniomba simu. Alikosea kutoboa, akalia kidogo, akatoboa tena. Alipomaliza akataka babu yake aione. Babu, yaani baba yangu, anaishi upande wa Shelui, wilayani Iramba. Ndiyo sababu tukawa ndani ya basi lile.

Baada ya Misigiri barabara inaanza kutafuta mlima Sekenke, na dereva mwenye akili anashusha gia mapema. Kijana alikuwa kimya tangu stendi. Nikamchangamsha kwa habari ya dhahabu, kwa kuwa Sekenke ni machimbo tangu enzi za Mjerumani. Nikamwambia kwamba mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na fedha hakuna, dhahabu ya hapa ilipelekwa karakana ya reli Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima. Sarafu ndogo wakazitoa kwenye maganda ya mizinga na mabaki mengine ya shaba. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, manowari yao Königsberg ilipozamishwa delta ya Rufiji, waliiopoa mizinga yake 10, wakaifungia magurudumu, wakaiburuta kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

"Kwa hiyo hata wao walikuwa wanaokota," akasema.

Walikuwa wanaokota. Ila cha kwao kilikuwa kinaua.

Tulifika jua la saa saba. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Chai, ugali, mlenda, kuku. Kisha ikatolewa ile kitu na kuwekwa mezani, na mimi nikashika pumzi, kwa sababu kuna jambo nililisahau kwa kutaka kumfurahisha mtoto. Baba yangu alikwenda Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Oktoba 1978 alikuwa kijana, akaenda, akarudi baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979. Nyumbani kwetu hatukuwahi kucheza vita. Hata fimbo hatukuielekeza kwa mtu.

Aliitazama bila kuigusa. "Inatoa nini?"

"Mwanga, babu."

"Unaua?"

Mtoto akafikiri. "Kwenye filamu unaua."

"Na hapa?"

"Hapa hautoki."

Baba akaichukua, akakunja mkono wa breki, ukarudi vizuri na spring yake. Akasifu spring. Kisha akasema jambo ambalo miaka yote hii sikuwahi kulisikia: "Usiku huoni bunduki, unaona umbo. Sisi tulipiga maumbo." Hakuongeza, na hakuna aliyemuuliza.

Nilidhani ataitia ndani na hatutaiona tena. Badala yake aliomba bisbisi. Akamwambia mjukuu wake afungue mwenyewe mpini na triga, vitoke. Kilichobaki kikawa bomba tu lenye antena. Kijana akanitazama macho yamemjaa maji, na mimi nikamtazama babu yake, ambaye alikuwa ameshaingia stoo.

Akarudi na karabai. Ile iliyomulika harusi yangu, kabla umeme haujafika kijijini. Kile kisoksi cheupe cha ndani nikakiwahi nikakifunga kwenye mfuko, kwa kuwa vya zamani vilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi, na unga wake si wa kuvuta puani. Vingine vyote wakavigawana: kigurudumu cha kurekebishia mafuta, pete ya shaba, kile kibomba cha kupampu. Walifanya kazi hadi giza, wakibishana kuhusu urefu wa skrubu. Kikatoka kitu ambacho hakina kitako wala mtutu, mpini mrefu wa kung'aa wenye kigurudumu kichwani. Nikakumbuka kwamba silaha inayopendwa kuliko zote katika ile filamu nayo haifanani na bunduki hata kidogo.

Kijana alilala nayo. Asubuhi alitaka kujua kama mpini wa mbao anaweza kuurudisha siku moja. Babu akasema mpini huo sasa ni wa jembe lake dogo, ameshautia.

Basi la kurudi lilikuwa na kondakta mwingine. Alipita akikusanya nauli, akaona kigurudumu kinachomoza kwenye mkoba. "Dogo, hiyo tochi yako inawaka?"

"Haiwaki."

"Mpeleke fundi."

Tulipopita Iguguno, alizeti zimeinama pande zote mbili za barabara, akaninong'oneza kwa masikitiko makubwa: "Mama, hakuna hata mmoja aliyeogopa."