Pointi Mbili za Mwisho

Mji wa Murang'a umekaa juu ya mgongo wa kilima. Mtu akisimama humo asubuhi isiyo na mawingu huuona Mlima Kenya upande mmoja na safu ya Nyandarua upande mwingine. Lakini miezi ya Julai na Agosti ukungu hufunika milima yote miwili. Ilikuwa katika majira ya baridi kama hayo nilipojifunza jambo ambalo sikulipata darasani: kuongoza ni kazi moja, na kumaliza ni kazi nyingine.

Mpira wa meza huchezwa juu ya meza yenye urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, iliyogawanywa kwa wavu wa sentimita 15.25. Hadi mwaka 2001 seti moja ilikwisha kwa pointi 21. Tangu mwaka huo hukwisha kwa pointi 11. Kila mchezaji huanzisha mpira mara mbili, kisha humwachia mwenzake zamu. Wakilingana kumi kwa kumi, kila mmoja huanzisha mara moja tu kwa zamu, wala hashindi mtu mpaka amzidi mwenzake kwa pointi mbili. Kanuni hii ni fupi, lakini imewatetemesha mikono watu wengi.

Katika ukumbi tuliochezea alikuwapo mzee mmoja, karani mstaafu, ambaye alinizidi kwa kila kitu isipokuwa miguu. Alikuwa hakimbii, mpira ulimfuata alipo kama mbwa amfuatavyo bwana wake. Kwa mwaka mzima sikumshinda hata mara moja. Mara nne nilimwongoza kumi kwa nane katika seti ya mwisho, na mara nne nilirudi nyumbani nimeshindwa. Nililaumu meza, nikalaumu taa, nikalaumu bahati. Jumamosi moja mzee alifuta kibao chake kwa kitambaa, akaniambia kwa upole, "Kijana, wewe ukifika kumi huchezi tena, unaomba."

Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilipokaribia ushindi nilifanya moja kati ya mambo mawili. Siku nyingine niliurudisha mpira polepole katikati ya meza, nikitumaini kuwa mzee atakosea. Hakukosea, maana mpira mlegevu ni chakula cha mchezaji hodari. Siku nyingine nilipiga kwa nguvu zangu zote ili niondokane na hofu upesi, na mpira ukaishia ukutani. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilikuwa nimeadhibiwa na methali zote mbili.

Basi nikamwita mdogo wangu, tukaanza mazoezi ya namna mpya. Kila jioni hatukuanza sifuri kwa sifuri. Tulianza tisa kwa tisa. Nilijiwekea masharti matatu. La kwanza, nisiuanzishe mpira kabla ya kujua nitaupiga wapi ukinirudia. La pili, niweke akiba ya namna moja ya kuanzisha, mpira mfupi wenye mzunguko wa kurudi nyuma, nisiitumie ila mwishoni. La tatu, niulenge mpira kwenye kiwiko cha mpinzani, baina ya mkono wa mbele na mkono wa nyuma. Hapo hata hodari hana budi kuchagua, na kuchagua kunakula wakati.

Mazoezi hayo yalinifanya nimfikirie Quadri Aruna wa Nijeria. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016 alimshinda Timo Boll wa Ujerumani, bingwa aliyesifika Ulaya nzima, akawa Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya mchezo huo katika Olimpiki. Huko alishindwa na Ma Long wa China, ambaye ndiye aliyetwaa medali ya dhahabu. Nilijiambia kuwa mtu hamwondoi Boll kwa kungojea makosa yake. Lazima aucheze mpira wa mwisho kama alivyoucheza wa kwanza.

Siku ilipofika, mimi na mzee tulipata seti mbili mbili. Katika seti ya tano niliongoza tena kumi kwa nane, na zamu ya kuanzisha ilikuwa yake. Akachukua pointi zote mbili. Kumi kwa kumi! Nilihisi maombi yananipanda kooni. Nikauweka mpira kiganjani, nikavuta pumzi, nikatoa akiba yangu. Mpira mfupi ule aliusukuma wavuni. Yeye naye akaanzisha, akasawazisha. Nikaanzisha tena, nikapata ya kumi na mbili kwa kumpiga mpira wa kiwikoni. Alipoanzisha kwa kumi na moja yake, mkono wangu ulitaka kuurudisha polepole. Niliukatalia. Niliupiga kule kule kiwikoni, si kwa nguvu zote wala kwa woga, naye akachelewa kidogo. Mpira ulipiga wavu, ukaanguka upande wake.

Mzee alikuja kunipa mkono. "Leo hukuomba," alisema.

Jumamosi iliyofuata alinishinda seti tatu kwa bila, wala sikushangaa, kwani bado alikuwa mchezaji bora kuliko mimi. Lakini tangu siku ile nikiwa karibu na mwisho wa jambo lolote, uwe mtihani au shamba la kupalilia, hujiuliza swali moja: je, bado ninafanya kazi, au nimeanza kuomba?