Kutoka Sake hadi Majengo kwa mwendo wa Bobi

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa mitaa 10 ya Goma waliamriwa kuondoka, kwa hofu ya moto uliokuwa chini ya mji na ziwa. Mzee mmoja wa Majengo, fundi seremala, alifunga mlango, akabeba godoro, akamfunga kamba mbwa wake Bobi na kushika njia ya Sake.

Siku hiyo hakuna aliyetazama kando. Barabara ilijaa watu, magari, pikipiki na chukudu zenye magodoro na masufuria. Mzee alivuta kamba, Bobi akavutwa. Walipofika Sake giza limeingia, miguu ya mbwa ilikuwa ikitoka damu kwa kukanyaga makoro. Tangu Ndosho mzee hakuwa amegeuka kumwangalia hata mara moja.

Walilala katika darasa la shule karibu wiki mbili. Watu waliporuhusiwa kurudi mwezi wa sita, fununu zilikuwa nyingi: milango imevunjwa, vitu vimeibwa. Vifaa vyote vya kazi ya mzee vilikuwa ndani ya ile nyumba. Dereva wa lori alimkubali yeye, si mbwa. “Papa, huyo hapandi.” Mzee akampa dada yake godoro, lori likaondoka.

Safari ya kurudi ilichukua siku mbili. Vidonda vya Bobi vilikuwa bado vibichi. Kila alipokaa chini, mzee naye alikaa. Mwanzoni kwa hasira. Baadaye, walipoacha barabara kubwa na kufuata vijia vya upande wa ziwa, aliacha kuhesabu vituo. Aliona maharagwe yaliyopandwa katikati ya mawe meusi, nyavu zilizoanikwa, akina mama wakigeuza sambaza juani. Watoto walimcheka: “Angalia, papa anatembeza imbwa sawa muzungu!” Akacheka nao. Kwetu mbwa hulinda nyumba, nani anamtembeza?

Usiku alipokelewa na mtu wanayefahamiana, huko Nzulo. Alfajiri Bobi alikuwa tayari mlangoni, lakini mzee alikataa kutoka. Sehemu hizo zina mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Haionekani, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini, hasa usiku na asubuhi kabla ya upepo. Mtu mzima anaweza kusimama akipumua vizuri, kumbe mtoto au mbwa aliye kando yake anakufa. Waliokimbilia huko wakiwa wageni wa mahali waliambiwa hayo na wenyeji, na wengine hawakuambiwa.

Wakangoja hadi jua likapanda na upepo wa ziwa ukavuma. Njiani, katika shimo lenye majani mabichi, ndege alilala amekufa. Bobi akanyoosha shingo. Mzee alifupisha kamba, kisha akaona haitoshi. Akambeba mabegani kama mbuzi mpaka mahali pa juu.

Majengo walifika saa kumi. Jirani aliyerudi kwa lori alimwuliza amechelewa wapi. Mzee hakujibu, alikuwa anatazama kufuli. Lilikuwa mahali pake. Bobi alinusa kizingiti, kona hadi kona, na mzee akasimama akimngojea, ufunguo mkononi.