Kabla ya Losheni, Toa Jiko

Tampere na Mwanza ni miji rafiki tangu 1988, na ukiishi kwenye mmoja huku ndugu zako wako kwenye mwingine, utajikuta unalinganisha kila kitu, hata nepi. Huku Finland, mjamzito akifika kliniki kabla mwezi wa 4 wa ujauzito haujaisha, serikali humpa boksi la vitu vya mtoto: nguo, shuka, godoro dogo, na boksi lenyewe hugeuzwa kitanda. Utaratibu huo ulianza 1938 kwa akina mama wenye kipato kidogo, mwaka 1949 ukawa wa wote. Miaka ya karibuni nepi ya kitambaa imekuwemo, ile ya kufua na kurudia, na Wafini vijana huisifia kama uvumbuzi. Nilipomsimulia mama mdogo aliyeko Nyakato, alicheka mpaka simu ikakwaruza: "Kwa hiyo nao wameijua khanga kuukuu?"

Ana haki ya kucheka. Mtoto wa Mwanza hupokelewa kwa kitambaa cha pamba kilicholainishwa na miaka ya kufuliwa, hunyonya ziwa la mama, huoga maji bila makorokoro. Hayo ndiyo manesi wa Tampere wanayohubiri: fua nguo mpya kabla hujamvalisha, achana na manukato, na ukilazimika kununua, tafuta nembo ya batamaji ambayo nchi za Nordic zimekuwa zikiipa bidhaa zisizodhuru mazingira tangu 1989. Ushauri ni mzuri. Ila juu yake imejengwa biashara ya losheni "asilia" na poda "za kijani", na sasa naona biashara hiyo inatua kwenye kurasa za wauza nguo za watoto wa Mwanza. Hapo ndipo ninapokataa. Sumu inayomsubiri kichanga wa Igogo au Bugarika ni nadra kuwa kwenye losheni ya bei rahisi. Mara nyingi iko kwenye jiko.

Wifi yangu alipojifungua nilikuwa likizo nyumbani. Chumba kina dirisha moja, nalo limezibwa kwa blanketi. Chini ya mlango pametiwa tambara kuzuia upepo wa ziwa. Pembeni ya kitanda jiko la mkaa limekolea, jekundu, halina hata uzi wa moshi, na juu yake sufuria ya maji ya kumkandia mzazi. Bibi amekaa karibu, ameridhika. Nilipogusia jiko akanijibu, "Moshi umeisha, mjukuu wangu, huu ni moto mtupu."

Moshi kweli ulikuwa umeisha. Lakini mkaa uliokolea ndani ya chumba kilichofungwa unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kichanga hupumua kati ya mara 40 na 60 kwa dakika, mtu mzima ni kama mara 12 hadi 20. Tena hawezi kusema kichwa kinamuuma. Analala tu, na usingizi wa mtoto aliyeshiba na wa mtoto anayezidiwa hufanana machoni.

Bibi hakuwa mjinga. Baridi ni adui wa kweli wa kichanga, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, na alikuwa akimlinda mtoto dhidi ya baridi hiyo. Kinachotakiwa ni njia nyingine ya joto: mtoto alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, wafunikwe pamoja kwa kitenge, kama wanavyofundishwa mama wa njiti hospitalini. Maji yachemkie uani yaingie na beseni. Tulifanya hivyo, na blanketi la dirishani likashushwa mchana.

Wafini nao walizaa karibu na moshi. Mabibi zao wengi walijifungulia sauna, kibanda cha mbao chenye kuta nyeusi kwa masizi. Ila sauna ya moshi ina kanuni: kuni huwaka mpaka ziishe, moshi na gesi hutolewa, ndipo watu huingia kutumia joto lililobaki kwenye mawe. Mpaka leo wana gesi yao isiyoonekana. Pispala, mtaa mzuri wa nyumba za mbao juu ya tuta la changarawe hapa Tampere, unajulikana kwa radoni inayopenya kutoka ardhini. Watu huweka vipimo sebuleni miezi ya baridi, na ikivuka bekereli 300 kwa mita moja ya ujazo, nyumba hutafutiwa dawa. Hawangoji waione.

Sumu nyingine hata jiko ukilitoa haitoki, kwa kuwa imo kwenye ngozi ya mama. Miaka ya 1990 Harada Masazumi, daktari Mjapani aliyewafuatilia kwa miongo wagonjwa wa zebaki wa Minamata, alishirikiana na wenzake kupima nywele za wachimba dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakazi wa Mwanza mjini. Ungetarajia lawama ziende kwa dhahabu au samaki. Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba baadhi ya viwango vya juu kabisa vilikuwa vya watu waliotumia sabuni zenye zebaki, zile za kung'arisha ngozi. Zebaki hiyo huvuka kondo la nyuma, huingia kwenye maziwa, na mama aliyejipaka humhamishia mtoto kwa kumkumbatia tu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata kiwango hicho kiondolewe. Mkorogo bado unapatikana. Na tusijifanye hatujui ni masanduku ya nani hupitisha baadhi ya krimu hizo.

Vidonge vya nondo ndivyo visivyozungumzwa kabisa. Nguo za mtoto wa kwanza hukaa sandukuni na naftalini mpaka wa pili azaliwe, kisha anavalishwa zikiwa bado zinanukia. Kwetu, kama kwingine kulikozoea malaria, watoto wengi, hasa wa kiume, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa mtoto kama huyo naftalini hupasua chembe nyekundu za damu, anageuka manjano, na manjano ikizidi inaharibu ubongo. Nguo hizo zifuliwe vizuri na zianikwe juani siku kadhaa, na vidonge vitupwe chooni, mbali na watoto wakubwa wanaodhani ni pipi.

Kuhusu moto wenyewe, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa kwa ruzuku. Kinachowashinda watu ni kujaza tena: mkaa unanunua wa kopo moja leo, gesi inataka hela yote kwa mkupuo. Kwa hiyo kaka na mimi tumekubaliana. Mtungi kanunua yeye, kujaza ni juu yangu mpaka mtoto atimize mwaka, na zile losheni zenye nembo ya batamaji sizibebi tena.