Raskazone na Vibubu vya Watoto

Ukitaka kufika Raskazone toka katikati ya mji wa Tanga, shika njia ya hospitali uelekee mashariki. Utaiacha Bombo mkono wa kushoto, na bahari itakuchungulia kati ya miti, kisiwa cha Toten kikionekana kule majini. Nyumba za upande huu zina nyua pana na miembe mikubwa. Ni mwendo wa miguu kwa asiye na haraka, au wa baiskeli, kwani Tanga ni mji wa baiskeli. Katika rasi hii ndipo askari wa Kiingereza na wa Kihindi walipoteremka mwezi wa Novemba 1914, wakapigwa na majeshi ya Wajerumani wakarudi melini. Lakini leo tuyaache ya vita, tutazame fedha za watoto.

Jumapili alasiri, maji yakiwa yamejaa, jamaa za wafanyakazi huja kupunga upepo na kuoga kutoka Ngamiani, Chumbageni, Makorora na kwingineko. Watoto wana sarafu mkononi: ya shilingi 200 yenye simba, au ile ya 500 yenye nyati iliyotoka mwaka 2014. Wachuuzi nao wapo: ubuyu, mihogo ya kukaanga, kachori, barafu za ukwaju, maembe mabichi yenye chumvi na pilipili. Kaa kivulini robo saa tu, nawe utaiona hesabu ya kila nyumba. Yupo mtoto anayemaliza zake kabla hajalowesha miguu, kisha akaanza kumzunguka baba: "Baba, niongeze." Baba huongeza akiwa amefurahi, akiwa amechoka humkemea. Mtoto huyo hajajifunza kutumia fedha. Amejifunza kumsoma baba uso.

Kosa hapo si la mtoto. Wewe mfanyakazi unaijua tarehe ya mshahara wako, ndiyo maana unaweza kupanga kodi ya nyumba, unga na mafuta ya taa au umeme. Mshahara ungetolewa siku mkuu wa kazi anapojisikia vizuri, ungepanga nini? Mtoto anataka kima kidogo kinachojulikana, kwa siku inayojulikana, na kikiisha kiwe kimeisha. Shilingi 500 za kila Jumamosi humfundisha zaidi kuliko shilingi 2,000 za kubahatisha.

Jambo moja lisichanganywe na hili. Ada imefutwa katika shule za serikali za msingi na za sekondari, lakini tumbo la saa nne halikufutwa. Fedha ya mtoto ya kununua muhogo wakati wa mapumziko ni chakula, tusiihesabu kuwa masurufu ya kuchezea wala akiba. Mtoto anayeshinda na njaa ili kibubu kijae asisifiwe, aulizwe.

Inafaa kukumbuka kwamba neno "hela" lenyewe limetoka katika sarafu ya Wajerumani iliyoitwa Heller, walioiingiza nchini mwaka 1904, mia kwa rupia moja. Benki ya Akiba ya Posta nayo ilianza Tanganyika mwaka 1925, na wazee wengi wa leo walijifunzia akiba huko, kwa kitabu kilichogongwa muhuri dirishani. Sarafu zao zilikuwa za mbuni kwa senti 20 na sungura kwa senti 50. Siku hizi mabenki kadhaa yana akaunti za watoto, ambazo mzazi humfungulia mwanawe kwa cheti cha kuzaliwa. Ni jambo jema, ila mtoto wa miaka minane haioni benki. Anachokiona ni kibubu, anakitikisa na kukisikia.

Kibubu nacho kisikae mno. Waliokuwa wakiweka akiba miaka ya 1980 wanajua jinsi bei zilivyopanda na shilingi ilivyoshushwa thamani, hata sungura akawa hanunui kitu. Mpe mtoto lengo la karibu. Hapa Tanga lengo halitafutwi mbali: kengele ya baiskeli, tyubu, au pedali. Aulize bei dukani mwenyewe, agawanye kwa majuma, aiandike ukutani.

Lipo jambo zito kuliko haya yote, nalo nililielezwa na mama mmoja wa Makorora, aliyekuwa akiwasubiri wanawe watoke majini. Mwezi wa Januari, sare za shule zilipomzidi nguvu, alichukua shilingi 4,000 katika kibubu cha binti yake wa darasa la nne. Hakumwambia, kwa kuwa alikusudia kuzirudisha kabla hajajua.

"Hakusema neno," alinieleza. "Alikitikisa tu, akakirudisha juu ya kabati."

Tangu siku hiyo binti hakutia tena hata sarafu moja. Kila alichopewa alikila siku ile ile. Mama alidhani ni uroho wa ubuyu, mpaka mdogo wake binti alipomwambia sababu. Wazazi wangapi tumefanya hivi na kukuita kukopa? Tunamtuma mtoto mtaani arudishe chenji ya watu, kisha sisi wenyewe tunaivunja amana yake usiku.

Mama huyu alifanya ambalo wengi wetu tungeliona aibu. Alimwita binti, akaliandika deni katika daftari mbele yake, akalilipa shilingi 1,000 kila Jumamosi kwa majuma manne. Binti alipokea, akahesabu, akazitia kibubuni mwenyewe. Halafu akakihamishia kwa bibi yake Mabawa. Siku tulipozungumza kilikuwa bado huko, na kila Ijumaa binti huenda kwa bibi na sarafu zake.