Nilidhani Picha ni ya Kuangalia Tu

Mimi ni fundi simu hapa Mwanza, na ninakuandikia wewe uliyezima masasisho ili bando lisiishe. Kwa miaka mingi niliwazimia watu, tena kwa malipo. Mteja akilalamika kwamba simu inakula bando, nilifungua mipangilio, nikazuia kila kinachojisasisha, naye akaondoka akinishukuru. Niliamini nimemtendea wema.

Virusi nilivijua kwa njia mbili: programu iliyopakuliwa mahali pabaya, na kiungo kilichobonyezwa bila kufikiri. Picha na video sikuzihesabu. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza kama picha anazotumiwa kwenye kundi la ukoo zinaweza kuidhuru simu yake. Nikamjibu, "Hapana, mama, picha ni ya kuangalia tu." Akaniamini.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, anayesomea kompyuta. Septemba 2023 alinikuta kibandani nikiendelea na kazi yangu ya kuzima. Hakubishana nami. Aliketi kwenye benchi akanisimulia yaliyotokea mwezi ule ule. Tarehe 6, Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto waliiarifu Google kuhusu kasoro katika libwebp, programu ndogo inayofungua picha za WebP. Tarehe 11 Chrome ikarekebishwa, na Google ikakiri kwamba walikuwapo watu waliokwisha kuitumia kasoro hiyo kushambulia. Stika tunazotumiana WhatsApp kila asubuhi ni WebP.

Sikuelewa picha inashambuliaje. "Mjomba," akaniambia, "simu haipokei picha ikiwa tayari. Inaijenga." Faili huja na maelezo: upana huu, rangi zipangwe hivi. Programu huyasoma, hutenga nafasi kwenye kumbukumbu ya simu, kisha huanza kuijaza. Mtu akiyapotosha maelezo hayo kwa ustadi, programu hutenga nafasi ndogo na kuandika vingi. Kinachozidi huandikwa juu ya data iliyo jirani, na mshambuliaji hodari anaweza kukipanga hadi simu itekeleze amri zake.

Akanirudisha hadi 2015, mwaka ambao mtafiti wa usalama Joshua Drake alifichua kasoro za Stagefright, sehemu ya Android inayoshughulikia video. Hapo nilichukua karatasi tukapiga hesabu. Stagefright ilihesabu nafasi kwa namba ya biti 32, ambayo haivuki 4,294,967,295. Jumla ikipita hapo, huanza upya kutoka sifuri. Basi video yenye vipimo vya uongo iliifanya simu idhani inahitaji nafasi kidogo mno. Video hiyo iliweza kuja kwa MMS, na simu ikaanza kuichakata kabla mwenyewe hajaifungua. Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, nikimfikiria yule mama na picha za ukoo wake.

Agosti 2015 Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi. Watu nisiowajua, wengine wakiwa katika nchi ambazo sitazifikia, walikesha wakitafuta kasoro hizi, na dawa yake ikaletwa bure hadi kwenye simu za wateja wangu. Mimi ndiye niliyeizuia. Hakuna mteja aliyenirudia na madhara ya aina hiyo, na ninamshukuru Mungu, maana hilo halikutokana na akili yangu. Nililindwa, nao wakalindwa, bila mimi kustahili.

Kubadilika kulikuwa kugumu. Wateja wengine walisema nimeungana na kampuni za mitandao kuwamalizia bando. Wengine walihamia kwa fundi wa jirani. Nilipomwendea yule mama nyumbani, alinisikiliza hadi mwisho, akanipa simu, akasema, "Haya, mwanangu, iwashe." Sasa ninalipia Wi-Fi kibandani ili masasisho yashuke bila kugusa bando la mtu.

Bado ninajaribiwa. Foleni ikirefuka, kuzima ni haraka zaidi kuliko kueleza, na kuna siku ninashindwa.

Kama simu yako ni ya zamani na mtengenezaji ameiacha, usikate tamaa. Zima upakuaji wa MMS wa moja kwa moja, kisha sasisha kivinjari na WhatsApp. Mara nyingi programu hizo huendelea kupata marekebisho hata pale mfumo wa simu ulipokwisha kusahauliwa.